Mtoto Ndani ya Ngoma: Vipindi vya Kutisha katika Madarasa ya Muziki ya Watoto Wadogo

Mhakiki wetu akipewa tamthilia ataivunjavunja mpaka kiungo cha mwisho. Akipewa utenzi atahesabu mizani na kutizama vina kama kweli vinakubaliana. Lakini mpeleke kwenye kundi la watoto wa miaka minne na mitano, wamejipanga duara, mwalimu kashika ngoma, mmoja wao kajifunika kanga katikati anatetemeka kwa raha na khofu pamoja. Hapo mhakiki hutia kalamu mfukoni akasema, "Aa, hao wanacheza tu." Wanacheza tu, kwa nini? Mchezo ule una wahusika, una mgogoro, una kilele, na una hadhira ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoigiza. Hayo yote ndiyo tunayoyasaka vitabuni usiku kucha tukikaribia mtihani.

Makala haya yanakusudia kuhakiki aina moja ya michezo hiyo, nayo ni ile ya kutisha, inayofanywa kwa muziki na viungo vya mwili na inayokuja kwa msimu. Sitaiweka fani upande huu na maudhui upande ule, kwa sababu katika mchezo wa mtoto mguu unaonyata ndio fani na ndio maudhui. Mahali petu ni Kiembe Samaki, njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Unguja, ambako nyumba za chekechea zimeota nyingi tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipolitambua darasa la maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya msingi. Kuimba na kucheza si jambo geni katika madarasa hayo. Hata mafunzo ya redio ya "Tucheze Tujifunze", yaliyoanza miaka ile ile, yalijengwa juu ya nyimbo na michezo. Jambo geni ni kutisha kwa makusudi, tena kwa ratiba. Tulihudhuria vipindi viwili katika skuli mbili mbalimbali. Majina tunayawacha, maana walimu walitupokea vizuri na sisi hatukwenda kukagua mtu.

Kipindi cha kwanza kilifanywa mwisho wa Oktoba, vuli imeshaanza kunyesha. Mwalimu, kijana mchangamfu, alikuwa na spika ndogo iliyounganishwa na simu, na ndani yake nyimbo za Kimarekani zilizotungwa kwa ajili ya siku ya tarehe 31 Oktoba, ile wanayoiita Halloween. Muziki ukianza, watoto watingishe viungo kama mifupa iliyofungwa kwa uzi. Ukisimama, wagande. Kisha wapepee kama popo. Kisha wawe paka weusi, wapinde mgongo. Kisha wajifunike shuka nyeupe, waelee darasani kama vizuka. Kila kitu dakika moja, moja na nusu, haya tuendelee.

Tuseme kweli: kimwendo zoezi lile halina ubaya. Huko kuganda muziki unaposimama ni somo zuri sana, maana mdundo ni sauti na kimya, na mtoto anayeweza kuganda ameshaishika nusu ya pili, ambayo watu wazima wengi inawashinda. Paka ndiye aliyechekesha. Kule zilikotoka nyimbo zile paka mweusi ni mkosi na ni sahibu wa wachawi. Hapa Unguja paka ni jirani anayengoja kichwa cha samaki. Watoto walipinda mgongo kama walivyoambiwa, lakini nusu dakika haikupita, darasa zima linalia nyau nyau na kuomba chakula. Mwalimu mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka.

Mifupa nayo haikumtisha mtu, na hili linataka maelezo. Ulaya mfupa unaocheza una historia ndefu, tangu zile picha za Zama za Kati zinazoonyesha Mauti akiwashika mkono mfalme na mkulima akawachezesha pamoja. Mfaransa Camille Saint-Saëns alipotunga "Danse macabre" yake mwaka 1874 alitumia marimba ya mbao kuigiza mifupa inayogongana, na wasikilizaji wake walijua wanachekea nini. Mtoto wa Kiembe Samaki hajapata kuonyeshwa fuvu popote, si ukutani wala kanisani wala sokoni. Kwa hiyo aliicheza mifupa kama angeicheza miwa au vijiti, akafurahi, ikesha.

Shuka nyeupe ndizo zilizoharibu mambo. Mtoto mmoja alipofunikwa, na kwa kuchoka akajilaza sakafuni, mwenzake aliyekuwa karibu alisimama akasema neno moja: "Kafa." Halikusemwa kwa utani. Alilisema kama mtu anayetoa habari. Wengine wakakariri, kafa, kafa, halafu mmoja wao akaanza kulia kilio ambacho si cha mchezo, na baadaye tukaambiwa kwamba nyumbani kwao msiba haujatimia mwezi. Muziki, masikini, uliendelea na furaha yake.

Hebu tulitizame jambo hili kihakiki, bila kumlaumu mtu. Shuka nyeupe kumfunika binadamu mzima katika mji wa Kiislamu ni ishara ambayo ina mwenyewe tayari. Ni sanda. Mtoto wa miaka mitano ameshaiona ikipita, hata kama alifichwa chumbani asiione. Pia neno lenyewe. Mwalimu alitafsiri kwa "kizuka", na kamusi itamuunga mkono. Lakini kwetu kizuka ni pia mwanamke aliyefiwa na mumewe, aliyekaa eda ya miezi minne na siku kumi. Bibi yake mtoto huyu huenda ni kizuka hivi sasa, yumo ndani, anamsomea na kumpa tende. Sasa unamwambia mtoto ajifunike shuka aelee, ati yeye ni kizuka, wenzake wamkimbie! Hapo ishara tatu zimegongana katika mwili mmoja mdogo, na mwalimu hana habari kwa sababu wimbo umeandikwa mbali na jina limetafsiriwa juu juu.

Najua baadhi ya wenzangu hapa watarukia maneno yetu ya siku zote: ubeberu wa kiutamaduni, ukoloni mamboleo, na kadhalika. Polepole. Siku ile ya Oktoba ina mizizi yake Ayalandi na Uskochi, katika msimu wa mavuno kwisha na giza kuingia, na zamani walichonga sura za kutisha katika mboga za mizizi kama tanipu kabla wahamiaji wao hawajafika Marekani wakakuta maboga makubwa. Ni watu wa kijijini waliokuwa wakiogopa majira, kama sisi tulivyoogopa. Kosa la kipindi kile halikuwa ugeni wake. Kosa lilikuwa la kisanaa: kilikuwa na vitisho vitano na hakikuwa na hadithi hata moja. Mtoto aligeuzwa mfupa, popo, paka, kizuka, na hakuna aliyemgeuza tena kuwa mtoto. Kengele ya mapumziko ndiyo iliyomrudisha.

Hapa ndipo ninapotaka kuweka kipimo. Mchezo wa kutisha haupimwi kwa ukali wa kitisho. Upimwe kwa mlango wake wa kutokea: nani anamtia mtoto katika hofu, nani anamtoa, na kwa njia gani ya kisanaa. Hadithi zetu zina kizingiti cha paukwa na pakawa. Kabla ya hapo zimwi halipo, na ngano ikitiwa kitako halipo tena. Hata kibe, mchezo wa kujificha tu, una mlango: ukishaonekana umekwisha, unatoka unacheka. Ondoa mlango, kinachobaki si sanaa.

Ebrahim Hussein aliliona jambo hili vizuri zaidi kuliko sisi wahakiki wake. Katika "Mashetani" (1971) vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu. Tumeandika insha ngapi kuhusu mbuyu ule na maana yake kisiasa! Lakini jambo la kwanza kabisa la tamthilia ile ni kwamba ni mchezo wa vijana ambao haukufungwa. Kitaru anatoka pale na mchezo umo ndani yake, anaugua, wazee wanahangaika. Unaweza kuisoma "Mashetani" yote kama kisa cha mchezo wa kutisha uliokosa mlango.

Na uhai wa kila siku umetupa mfano mchungu zaidi. Mwanzoni mwa 1995 khofu ya Popobawa iliposhika Pemba kisha ikavuka Unguja, watu walilala nje ya nyumba zao makundi makundi, moto umewashwa, na mtu hata akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Ikarudi tena miaka iliyofuata. Wale waliokuwa watoto wakati ule ndio wazazi wa leo. Basi mwalimu anaposema "tupepee kama popo, tuwatishe wenzetu", mtoto anaona popo wa mwembeni, lakini mama aliyesimama dirishani anaona bawa jingine. Sisemi popo apigwe marufuku. Nasema khofu ambayo watu wazima wenyewe hawajatoka ndani yake si ya kumpa mtoto aichezee, kwa kuwa hakuna mkubwa wa kumshika mkono amtoe.

Wazazi waliyasema hayo kwa njia yao. Baada ya kipindi cha shuka, mama mmoja alimjia mwalimu, akamwamkia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mimi nimemleta mwanangu asome, sikumleta apandishwe." Neno hilo, kupandishwa, si la kulichekea. Zanzibar pepo wana ngoma zao. Kibuki wana mdundo wao na nyimbo zao, ruhani wana zao, rubamba wana zao, na anayepandisha hupandishwa kwa sauti iliyo yake. Kwa mama yule, ngoma na mtoto anayetetemeka chini ya kitambaa ni picha anayoijua, na anajua mwisho wake ni nini na gharama zake ni ngapi. Hakuwa mjinga wala hakuwa adui wa muziki. Alikuwa anasoma ishara, kazi ile ile tunayojigamba nayo sisi. Hatari iliyopo ni kwamba malalamiko kama hayo hayaishii kwenye shuka. Wazazi wachache wakikubaliana, kinachoondolewa kwenye ratiba ni muziki wote, na kuna watu wengi tu wanaongoja sababu.

Sasa tuje kwenye kipindi cha pili, ambacho ndicho kilichonifanya nikae chini niandike. Mwalimu wake ni mwanamke mtu mzima, watoto wanamwita Bibi ijapokuwa hajafika huko. Hana spika. Ana ngoma moja ndogo, vijiti viwili na kanga. Alichokifanya ni kuichukua ile ngano ya pwani ya mtoto ndani ya ngoma na kuigeuza mwendo.

Kwa wasioikumbuka: wasichana walikwenda pwani kuokota makombe. Mmoja akapata zuri kuliko yote, akaliweka juu ya jiwe lisije likampotea, halafu akalisahau. Njiani akakumbuka. Akawaomba wenzake warudi naye, wakakataa. Akarudi peke yake huku akiimba kujitia moyo. Juu ya jiwe limekaa zimwi. Likamwambia sogea, sisikii vizuri, sogea tena, likamshika, likamtia ndani ya ngoma. Kisha likawa linazunguka mji hadi mji: linakaa barazani, linasema lina ngoma nzuri, linalipwa kuku na wali, linapiga, na mtoto ndani anaimba. Watu wanastaajabu kwa sauti tamu. Hata likafika mji wa mtoto mwenyewe. Baba na mama wakaitambua sauti. Wakalituliza zimwi kwa karamu, wakalipatia shughuli, na nyuma yake wakamtoa mtoto, wakajaza ngoma nyuki, nyoka na siafu. Mwanamke wa Kiingereza Alice Werner aliichapisha ngano hii kama ya Waswahili katika kitabu chake cha 1933, na watu wengine wa Afrika Mashariki na Kusini wana ndugu zake.

Tizama mali iliyomo humo kwa mwalimu wa muziki. Kitisho chenyewe ni kitendo cha muziki. Zimwi ni msanii mwizi, anakula kwa sauti ya mtu mwingine. Mtoto ni mwimbaji asiyeonekana. Na wokovu unakuja kwa masikio: hakuna upanga wala hirizi, kuna mzazi aliyesikiliza vizuri. Sijui ngano nyingine inayosema wazi namna hii kwamba kusikiliza kunaokoa maisha.

Bibi amekigawa kipindi kwa miendo mitatu. Mwendo wa wasichana ni mwepesi, inama, okota, inuka, vijiti vikigongwa haraka haraka. Mwendo wa zimwi ni hatua mbili nzito na kimya, hatua mbili na kimya, ngoma ikipigwa katikati ya wambo. Kimya kile ndicho kinachotisha, watoto wanakingoja kwa kushika pumzi. Ndege ilipita chini kuelekea kutua, kama zinavyopita Kiembe Samaki kila siku, na ngurumo ikameza kila kitu. Bibi hakungoja ipite. Akageuza uso juu, zimwi likaikodolea macho ile ndege, na watoto wote thelathini wakaikodolea nayo, kisha hatua mbili nzito zikaendelea. Mshairi gani angeiweza vina hiyo?

Mwendo wa tatu ni wa kukaa tu. Mtoto mmoja anachutama chini ya kanga, nyekundu na nyeusi, si nyeupe. Wengine wanageuza nyuso ukutani. Zimwi linapiga, mtoto anaimba chochote anachokitaka, na darasa, ambalo sasa ndilo mji, linatakiwa limtaje kwa sauti yake. Wakikosea, zimwi linakwenda mji mwingine, yaani linazunguka darasa na kurudi. Wakipatia, wote wanakimbilia kanga, wanaifunua, na mtoto anatoka. Huo ndio mlango niliousema, na ni mlango mzuri kupita kiasi, kwa sababu ufunguo wake ni jina la mtoto likitamkwa na wenzake. Baada ya hapo zimwi linapiga ngoma tupu na ni sharti asiimbe mtu. Watoto thelathini kukaa kimya, tena wakiwa na siri! Nimeona maprofesa wakishindwa hilo. Mwishowe vidole vya darasa zima vinakuwa siafu, vinatembea juu ya mgongo wa zimwi, na kipindi kinaangukia kwenye vicheko.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Siku zote tumeifasiri methali hii kwa ndugu na watawala. Katika darasa la Bibi ina maana nyepesi zaidi: kwanza anayecheza zimwi ni yeye mwenyewe, mtu anayewafunga viatu, na baadaye tu huwapa watoto zamu. Na amechagua zimwi, hakuchagua jini. Jini ana anwani, yuko kwenye mbuyu fulani, kwenye kisima fulani, kwa bibi fulani. Zimwi halina nyumba Kiembe Samaki nje ya hadithi, na ngano ikifungwa halina pa kulala. Ndiyo maana mama yule yule wa kupandishwa, ambaye mtoto wake wa pili yuko kwa Bibi, hana neno na kipindi hiki. Mwenyewe aliliimba zimwi utotoni.

Wataalamu wa ufundishaji muziki wangefurahi hapa. Mswisi Émile Jaques-Dalcroze alijipatia sifa mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa kusema kwamba muziki unafahamika kwanza kwa mwili, na Mjerumani Carl Orff akajenga masomo ya watoto juu ya wimbo, mwendo na ngoma visivyotenganishwa. Ni watu wa maana, wasomwe. Ila lugha yetu ina neno moja kwa chombo, kwa mchezo na kwa mkusanyiko wenyewe, yaani ngoma, kwa hiyo sisi tungeweza kuanzia mbele kidogo. Wala si kweli kwamba cha kuagizwa hakifai. Edvard Grieg wa Norwei alitunga mwaka 1875 kipande cha jumba la mfalme wa mlima kwa ajili ya mchezo wa Ibsen, "Peer Gynt". Kinaanza kwa kunyata, taratibu na chini kabisa, kinaongezeka kasi na sauti mpaka kinapasuka, na ndani yake kuna mazimwi ya Kinorwei yanayomwandama kijana. Walimu wa watoto duniani wanakipenda kwa sababu kina njia, kina mwanzo na kina kutoka. Mwalimu wa spika angekitumia hicho akaziwacha shuka, tungekuwa na makala nyingine leo.

Lakini Bibi naye ana makosa yake, na uhakiki usiouma si uhakiki. La kwanza: akimaliza anatoa nasaha. "Mmeona? Msisahau vitu vyenu." Ala! Ngano nzima ya sauti na masikio imekuwa tangazo la kutunza kalamu. Pia nasaha ile inamtia hatiani msichana, wakati ngano yenyewe imeweka kidole mahali pengine. Wenzake walikataa kurudi naye. Hilo ndilo tendo lililomfikisha kwa zimwi, na katika kipindi cha Bibi linapitwa kwa sentensi moja. Lingechezwa! Watoto wale wale wanaokataa, wanaompa mgongo mwenzao, baadaye ndio wanaogeuka kuwa mji na kuitambua sauti yake. Miguu ile ile iliyokwenda zake ndiyo itakayokimbia kumfunua. Huhitaji kumweleza mtoto kitu baada ya hapo, ameshakifanya kwa mwili wake.

La pili, ndani ya ngoma huwekwa kila mara mtoto mpole, na aghalabu msichana. Nilimuuliza, akanijibu kwamba wapole ndio wenye sauti ya kutambulika. Huenda ni kweli kimuziki. Ila mtukutu naye ana haki ya kuokolewa.

La tatu ni kubwa zaidi. Anakatisha ngano. Zimwi likifa kwa nyuki na siafu yeye anafunga, na wengi tunafunga hapo. Ngano iliyoandikwa haikuishia hapo. Pale lilipofia zimwi uliota mboga, ukazaa maboga makubwa ajabu. Vijana wadogo wakapita wakayasifu, wakasema tukalete upanga wa baba tulipasue moja. Boga kubwa likakasirika, likajikata kwenye shina, likaanza kuwafukuza! Wakakimbia, wakamkuta mzee wa chombo akawavusha mto, boga nyuma yao, mpaka wakafika mji ambao wanaume wamekaa barazani, wakaomba wafichwe. Boga likafika, likapasuliwa, likachomwa moto, na majivu yakatawanywa.

Jamani, boga! Mwalimu wa kwanza aliwaonyesha watoto picha ya boga lenye macho na meno, ikawabidi waambiwe ni kitu gani, maana kwao boga ni la futari, linapikwa kwa nazi, halina uso. Kumbe pwani hii ina boga lake linalotisha, lina miguu isiyoonekana, na lina ghadhabu ya zimwi ndani yake, na halikuletwa na mtu. Angeanzia hapo, watoto wangelipokea la Marekani kama binamu.

Hata kuchoma na kutawanya majivu si kugeni kisiwani. Makunduchi, Mwaka unapokogwa mwezi wa Julai, watu wazima huenda uwanjani kupigana kwa migomba, na kibanda cha makuti huchomwa moto baada ya mtu kuingia na kuchomoka mbio. Wanawake wanaimba. Hasira za mwaka zinapigwa mchana kweupe, mbele ya watu, kwa silaha isiyovunja mfupa, na jioni watu wanakula pamoja. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa "Mzimu wa Watu wa Kale", alizaliwa huko huko Makunduchi mwaka 1918, na katika riwaya ile Bwana Msa wake anauendea mzimu kama mtu anavyouendea mlango uliofungwa, anatafuta kitasa. Wazee wa Mwaka na Bwana Msa hawaelekei kuwa watu wa imani moja, lakini wote wanajua kwamba mtu akiingizwa penye moto lazima aonekane akitoka.

Nilimweleza Bibi habari za boga. Alizijua, bibi yake alikuwa akizisimulia. Alisema kinachomzuia ni uwanja. Skuli ile ina kiwanja cha mchanga chenye kisima kilichofunikwa bati, na watoto thelathini wakifukuzwa na boga kwa mwendo unaostahili, wawili watavunjika meno na wazazi watakuja tena, safari hii kwa jambo jingine. Tukapima pamoja kwa hatua. Kutoka mlango wa darasa mpaka ukuta wa jirani ni hatua ishirini na mbili za mtu mzima. Mto unaweza kuwa mstari wa chaki, mzee wa chombo anavusha mmoja mmoja kwa kuhesabu mapigo manane, kwa hiyo hakuna msukumano, na boga linaviringishwa na mtoto aliyepiga magoti, ambaye hawezi kukimbia hata akitaka. Baraza ipo, ni kibaraza cha jiko. Moto ni kanga nyekundu. Akasema huenda akajaribu vuli ijayo, boga akilipata kwa bei ya kawaida, maana likipatikana zuri wapishi wanalikamata mwanzo.